BUSTANI YETU: Boga na Maua ya Jirani

Mmea wa maboga ukichanua vizuri nyuma ya nyumba, kisha viboga vichanga vikanyauka na kuanguka, usikimbilie kuulaumu udongo. Tazama kwanza ni maua gani yamechanua jirani.

Mmea huu una maua dume na maua jike mbalimbali. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, wala upepo hauichukui. Sharti ibebwe na nyuki. Ua jike hufunguka alfajiri, hufumba kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Nyuki asipofika asubuhi ile, tunda limepotea.

Tuchukue mfano wa Gitambi, wilayani Rusizi, nchini Rwanda. Wilaya hiyo hulima kahawa. Mvua ikinyesha baada ya ukavu, mibuni huchanua kwa pamoja na kuwa myeupe kwa siku chache. Nyuki hufuata penye wingi. Tena, katika safari moja, nyuki hushikamana na maua ya aina moja. Siku hizo ua la boga lililo kando huweza kukosa mgeni.

Je, mibuni ikimaliza kuchanua, nyuki hula nini? Huishi kwa maua ya vichakani na msituni. Rusizi unao msitu wa Cyamudongo, kipande cha Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe kilichotengana na msitu mkuu. Faida ya jirani wa namna hii imekwisha pimwa: utafiti wa Costa Rica uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mibuni iliyo ndani ya umbali wa kilomita moja hivi kutoka msituni ilizaa asilimia 20 zaidi. Na hali mbuni wa Arabika huweza kujichavusha wenyewe! Sembuse boga, lisiloweza?

Basi yafaa tufanye hivi. Tusifyeke kila ua la kando ya bustani; tuache yale yanayochanua kwa zamu, ili nyuki wasihame. Tusinyunyize dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Na jirani akichanua kwa wingi mno, tuchavushe kwa mkono: chuma ua dume mapema asubuhi, bandua petali zake, kisha gusisha chavua katikati ya ua jike. Kazi hii haizidi dakika chache. Hata askari anayewahi gwaride aweza kuimaliza kabla ya kuondoka nyumbani.