Peremende Bila Shairi

Wapo wanaolia kwamba Halloween, usiku wa mizuka, imeletwa katika vijiji vya Uskochi kutoka Marekani. Kilio hicho kimekosea njia. Usiku huo wa tarehe 31 Oktoba ulikuwa wa Waskochi na Waayalandi kabla ya kuvuka bahari pamoja na wahamiaji wao. Robert Burns aliutungia shairi refu mwaka 1785. Kilichobadilika safarini si jina, bali ni masharti.

Zamani mtoto wa kijijini alichonga taa yake katika tanipu, mzizi mgumu unaochosha mkono. Akajipaka masizi usoni, akabisha hodi kwa jirani. Hapewi kitu mpaka aimbe, aghani shairi au asimulie kichekesho. Tufaha au njugu alizoondoka nazo zilikuwa ujira wake. Leo taa ni boga, tena mara nyingi la plastiki. Mifupa ya plastiki inaning'inia madirishani. Na katika milango mingi mtoto hutamka maneno matatu tu, nipe ama nikuchokoze, kisha akafungua mfuko. Si msanii tena. Ni mtoza ushuru.

Ati ni mchezo tu wa watoto! Mchezo ndio skuli ya kwanza ya ulimi. Kijiji kisichomdai mtoto hata ubeti mmoja kwa mwaka, kisije kikashangaa akikua bila ya neno la kumwambia jirani. Mapambo na yabaki. Asiyeyapenda afumbe macho. Lakini peremende isitoke mkononi kabla ya shairi kutoka kinywani.