Here Comes the Pain Bado Ndiyo Baba Yao

Wasee, wacha niseme bila kuzunguka. Gemu kali zaidi ya mieleka ilitoka 2003, iko kwa PS2, na hakuna WWE 2K ya siku hizi imeifikia. Inaitwa WWE SmackDown! Here Comes the Pain. Kama umezaliwa juzi, pengine uliikuta kwa kibanda cha gemu mtaani kwenu, diski ya kuchomwa iliyoandikwa jina kwa kalamu nene.

Nimekuwa nikiicheza tena wiki mbili sasa. PS2 ni ya binamu yangu, memori kadi ni ya MB 8, na padi moja kitufe chake cha duara lazima ukikanyage kama una hasira nacho. Nilidhani nitacheka sura za wachezaji kidogo halafu niizime. Wapi! Saa saba usiku bado niko Elimination Chamber.

Siri yake ni mwendo. Mechi inaanza na mnapigana hapo hapo, hakuna kungoja mtu ajinyanyue dakika nzima. Kukwepa ngumi kuna kitufe chake na kujinasua ukishikwa kuna kingine, kwa hivyo lazima umsome mwenzako, usifinye tu ovyo. Halafu kuna kale kamchoro ka mwili kanakoonyesha umeumia wapi. Ukimtwanga jamaa mguu hadi uwe mwekundu, anaanza kuchechemea, na hapo kila mtu kwa chumba anajua mambo yameharibika. Yuke's, wale Wajapani walioitengeneza, walielewa kwamba mieleka ni drama kwanza.

Na kitu kingine: hakuna watangazaji wakati wa mechi. Wengine huona ni kasoro. Mimi naona ni zawadi, kwa sababu kibandani watangazaji walikuwa ni sisi. Unalipa bob kumi, unakaa kwa benchi, na nyuma yako kuna vijana sita hawana hata shilingi lakini wana maoni. Mmoja anahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti kushinda refa. Mwingine anakuambia utumie finisha mapema mno, na ukishindwa anakukana kabisa. Hiyo kelele haiwezi kupakuliwa.

Tuongee kuhusu kupakua sasa, maana hapo ndipo roho huniuma. WWE 2K24 kwa kompyuta inataka nafasi ya takriban GB 90. Wewe uko na bando za wiki, utamaliza lini? Ukimaliza, bado kuna wachezaji wanauzwa kando. WWE 2K25 ikaja na sehemu inaitwa The Island, unaingia tu unaanza kusukumwa ununue pesa za ndani ya gemu. Ati nimelipia gemu, halafu nilipie tena ndani yake ndio nisionekane maskini! Cheki pia WWE 2K22: ilitoka Machi 2022, na mwanzoni mwa 2024 seva zake zikazimwa. Haikufikisha hata miaka miwili, na kucheza na watu mtandaoni kukaisha.

Here Comes the Pain haijui hayo mambo. Ukitaka wakongwe kama Roddy Piper au Legion of Doom, unacheza, unapata pointi, unawafungua. Msee wa Kayole na msee wa Karen wanapata kitu kile kile kwa jasho lile lile. Imepita miaka zaidi ya ishirini na hakuna ofisi mahali inaweza kuamka asubuhi na kuizima.

Si kwamba haina aibu zake. Zile mechi za wanawake kuvuana nguo ni za kutia haya, na hapo 2K wamewashinda kabisa: leo Rhea Ripley ni staa kama mwanaume yeyote. Hadithi za msimu nazo ni maandishi tu ya kusoma, na kusubiri kila kitu kifunguke kunachosha.

Lakini angalia nani wamo. John Cena bado ni kijana wa kurap, amevaa jezi na mnyororo, kabla hajakuwa Cena wa watoto. Undertaker ni yule wa pikipiki. Eddie Guerrero yuko, na alifariki 2005. Hawk wa Legion of Doom alifariki Oktoba 2003, mwezi ule ule gemu ilitoka Marekani. Yuko pia Chris Benoit, ambaye 2007 alimuua mkewe na mtoto wao kisha akajiua, na tangu hapo WWE haitaki hata kumtaja. Ndiyo maana sioni wakiirudisha hii gemu sokoni vile ilivyo. Iliyobaki ni hizi diski zetu na hizi mashine, na Sony iliacha kutengeneza PS2 tangu 2013.

Kwa hivyo kama ya kwenu iko juu ya kabati, usiiuze kwa mtu wa vyuma. Pangusa lensi, tafuta fundi anayejua kazi. Na kama uko na padi nzima, niazime, Jumamosi kuna Royal Rumble kwetu na hiki kitufe cha duara hakitafika raundi ya pili.