Mwacheni Bwana Afya Asome

Ndugu wakulima, wengine wenu hunung'unika wakisema, "Bwana Afya wetu ametuacha, amerudi masomoni na hali ana kazi yake." Maneno hayo si mazuri.

Kumbukeni mwaka 2004. Katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Dawa za zahanati hazikuweza kuzuia maafa hayo, kwa maana yalitoka katika chakula. Wachunguzi walilinganisha nyumba zenye wagonjwa na zile zisizo nao, wakaona hatari ilikuwa mahindi yaliyowekwa nyumbani kabla hayajakauka, yakaota kuvu yenye sumu.

Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha, hujifunzwa. Mwaka huohuo Kenya ilianzisha mafunzo ya miaka miwili kwa maofisa wa afya walio kazini, na sehemu kubwa hufanyika nje ya darasa, ugonjwa ulipo.

Basi ofisa wenu akienda kusoma, ombeni apatikane wa kushika mahali pake, lakini msimzuie. Naye akirudi kuwauliza habari za choo, kisima na ghala, msimfiche neno. Mganga humtibu mgonjwa mmoja. Huyu hutafuta kinachougza kijiji kizima.