Gari likizimika ukiachilia mafuta, usikimbilie bisibisi

Kama unaishi hapa Mutuini, baridi ya asubuhi ya Julai huhitaji kuelezwa. Jirani yangu, mama wa watoto watatu, ana gari dogo lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Lilianza tabia mbaya: akiachilia kanyagio la mafuta, injini inatetemeka kisha inazimika. Asubuhi moja lilimzimikia pale Dagoretti Corner akikata kulia kuingia barabara ya Naivasha, watoto nyuma, lori mbele. Usukani ukawa mzito, breki nazo ngumu. Bahati nzuri lori lilisimama.

Fundi aliyeendewa alitoa bisibisi, akakaza skrubu moja, injini ikanguruma kwa nguvu, akalipwa. Baada ya majuma mawili mama alikuwa akilia juu ya bei ya mafuta. Kwenye foleni gari lilijisukuma lenyewe, na bado asubuhi lilizimika.

Kosa lilikuwa wapi? Fikiria jiko la makaa. Ukitaka moto mdogo, hufungi kabisa kile kilango cha chini, unaacha upenyo. Injini nayo ni hivyo. Ukiachilia kanyagio, kifuniko cha hewa ambacho mafundi hukiita throtoli hufungika. Hewa ya kuiweka injini hai hupita njia ndogo ya pembeni yenye vali. Anayefungua na kufunga vali hiyo ni kompyuta ya injini. Hupima joto la maji na mizunguko ya injini, hulinganisha na kiwango kilichowekwa, kwa kawaida kati ya 650 na 800 kwa dakika injini ikiwa moto, kisha husahihisha. Ukiwasha taa au kiyoyozi, huongeza hewa. Hufanya hivyo mara nyingi kila sekunde bila kuchoka.

Sasa, Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya tano, hivyo vali lazima ifunguke zaidi. Ongeza baridi, ambayo huifanya oili kuwa nzito, na kompyuta hufungua zaidi tena. Masizi yakiziba njia ile, vali hufika mwisho wake. Haina akiba tena. Gari linazimika.

Skrubu ile haikuondoa masizi. Iliizuia throtoli isifungike sawasawa. Katika magari mengi, kipimo cha throtoli ndicho huiambia kompyuta kwamba umeachilia kanyagio. Kikidanganywa, kompyuta hudhani bado unakanyaga, nayo huacha kazi ya kulinda mngurumo.

Basi, ufanyeje? Kwanza, taa ya injini ikiwaka, mwambie fundi asome kompyuta kwa mashine. Alama P0505 huelekeza kwenye mfumo huu. Pili, mipira ya hewa ikaguliwe, kwani iliyopasuka huingiza hewa isiyopimwa na mngurumo hupanda na kushuka. Tatu, njia ya hewa na vali zisafishwe kwa dawa yake. Nne, skrubu irudishwe ilipokuwa. Tano, injini ipate moto, kila kitu kizimwe, kompyuta ijifunze upya jinsi kitabu cha gari kinavyoagiza. Kama gari lako halina waya wa kanyagio, throtoli huendeshwa na mota. Usiisukume kwa kidole.

Nawe kijana unayetamani kubadilisha tarakimu ndani ya kompyuta, hatua hiyo ni ya mwisho. Weka kwanza ufunguzi wa vali unaofaa kila kiwango cha joto, ndipo uguse kasi ya kusahihisha. Ikiwa ya haraka mno, injini itapanda na kushuka kama mlevi. Ikiwa ya polepole mno, itazimika kabla msaada haujafika. Ukirekebisha tarakimu juu ya masizi, umefanya kosa lile lile la bisibisi.

Gari la mama yule lilisafishwa, skrubu ikarudishwa. Siku hizi hupita Dagoretti Corner bila kushika moyo. Msomaji, mwenye kuziba ufa huanza kwa kuutafuta. Tukutane Jumapili ijayo.