Kikuyu hadi Guangzhou: Hesabu ni ya saa, si ya kilomita

Mwenye duka wa Kikuyu, mjini Dodoma, anapotaka kwenda Guangzhou kufuata bidhaa, swali lake la kwanza ni bei ya tiketi. Ni swali la haki, lakini halitoshi. Mtaji mdogo huliwa zaidi na muda.

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 8,700 hivi. Ndege ya moja kwa moja, inapopatikana, huchukua takriban saa 11. Anayepitia Addis Ababa au Dubai husafiri jumla ya kilomita 9,800 hivi. Nyongeza hiyo ya kilomita 1,100 angani ni kama saa moja na nusu tu. Hasara iko kwenye kusubiri ndege ya pili, ambako kunaweza kuwa saa 3 au saa 20.

Kwa mfano, mwenye duka anapata faida ya shilingi 80,000 kwa siku. Ananunua tiketi iliyo nafuu kwa shilingi 150,000, lakini inamweka uwanjani saa 20 zaidi kwenda na saa 20 kurudi. Hizo ni karibu siku mbili. Duka likiwa limefungwa, amepoteza kama shilingi 130,000, na bado hajala wala kulala. Unafuu umeishia njiani.

Saa za China nazo zina gharama yake. Guangzhou iko mbele ya Tanzania kwa saa 5. Ndege ikiondoka Dar saa 4 asubuhi na kuruka kwa saa 11, inatua saa 8 usiku kwa saa za huko. Masoko yamefungwa, na hoteli inadai malipo ya usiku mzima.

Kwa watu wa Dodoma kuna kipande kingine kinachosahauliwa, nacho ni njia ya kufika uwanjani. Barabara ya Dar ni kilomita 450 hivi, na kwa basi ni kutwa nzima. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dodoma mwezi Julai 2024, imepunguza muda huo hadi saa 4 au pungufu. Hapo ndipo mfanyabiashara wa Kikuyu amepata unafuu wa kweli, bila nauli ya ndege kushuka hata senti moja. Lakini asiyelinganisha ratiba ya treni na ya ndege atalala Dar na kuurudisha unafuu huo kwa mwenye nyumba ya wageni.

Tena mzigo wenyewe, ukija kwa meli, utakaa baharini wiki kadhaa. Kumkimbiza mnunuzi hakuharakishi kontena. Wenye maduka watano wanaouza bidhaa za aina moja hawana sababu ya kufunga milango yote mitano. Wamtume mmoja anayejua bidhaa, wachangie nauli, na waandikiane mkataba wenye kiasi cha fedha, orodha ya mali na stakabadhi. Wanne wabaki wakiuza.

Kabla ya kulipia tiketi, saa zote zihesabiwe, kuanzia mlango wa duka hadi mlango wa duka. Tiketi ya bei ya chini ni rahisi iwapo tu siku zilizopotea hazizidi kilichookolewa.