Riba Ikishuka, Mtu wa Kilifi Bado Yuko Nje

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa wanasiasa, mabenki na hata wananchi wenyewe, kwamba kinachomnyima mtu wa mashambani mkopo wa nyumba ni riba. Shusheni riba, wanasema, na nyumba za kudumu zitasimama kuanzia Ganze hadi Magarini, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Serikali ya Kenya iliifuata imani hiyo ilipoanzisha KMRC, kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi. Huzipa benki na Sacco fedha nafuu, mwanzoni kwa riba ya asilimia 5, ili nazo zimkopeshe mteja chini ya asilimia 10. Benki ya Dunia ilichangia mkopo wa dola milioni 250. Matokeo? Mwaka 2019 mabenki yalikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 28,000. Mwaka 2023 ilikuwa kama 30,000, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12. Ni kweli riba ya soko ilipanda katika kipindi hicho, lakini fedha nafuu zilikuwapo. Mbona hazikufika kijijini?

Jibu liko kwenye masharti. Anayeomba mkopo hudaiwa hatimiliki iwe dhamana, na ushahidi wa kipato, ambao kwa kawaida ni hati ya mshahara au taarifa za benki. Sasa njoo Kilifi. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wawasilishe madai ya ardhi kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi walibaki bila karatasi juu ya ardhi waliyoilima vizazi na vizazi, na hadi leo wajukuu wao huitwa maskwota. Hata penye hatimiliki, mara nyingi jina lililoandikwa ni la babu aliyekwishafariki. Kulibadilisha kunataka barua ya chifu, kesi ya mirathi, tangazo la siku 30 katika Gazeti Rasmi, kisha kwa kawaida kusubiri miezi 6 kabla mahakama haijathibitisha mgao. Na shamba likiwa la kilimo, kuliweka rehani kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Mkulima wa minazi na mikorosho anakwama katika hatua hizi kabla hata hajaulizwa kama atamudu asilimia 9 au 14.

Watetezi wa riba wana hoja, nami siidharau. Mkopo wa shilingi milioni 3 kwa miaka 20 hulipwa takriban 27,000 kwa mwezi kwa asilimia 9, na zaidi ya 37,000 kwa asilimia 14. Shilingi 10,000 kila mwezi ni karo ya mtoto. Lakini nafuu hiyo humfikia aliyekwisha kupokelewa, yaani mwajiriwa mwenye ploti yenye hati, na mara nyingi huyo yuko mjini. Fedha za umma zikipunguza riba bila kugusa masharti, zinamwongezea aliyenacho.

Mabenki nayo yatasema hayawezi kuhatarisha akiba za wateja kwa kukopesha bila dhamana. Sawa, wala sidai hivyo. Sacco zimekopesha wakulima miaka mingi kwa nguvu ya akiba, wadhamini na kumbukumbu za mauzo ya maziwa au chai. Kumbukumbu hizo ni ushahidi wa kipato, na KMRC ingeweza kuzitambua hivyo. Kisha kuna jinsi watu wanavyojenga: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mabati yanapopatikana. Mkopo mdogo wa kila hatua, unaolipwa kwa miaka 3 au 4, ungemfaa mjenzi huyu kuliko deni la miaka 20 la nyumba iliyokamilika, na usingehitaji shamba la ukoo liwekwe rehani. Sehemu ya dhamana ya mikopo hiyo ibebwe na serikali, ambayo tangu Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi kwa ajili ya nyumba, na mwajiri wake huongeza kiasi hichohicho. Na kabla ya kaunti yoyote kutangaziwa tena riba nafuu, wizara inayohusika na nyumba ichapishe kwa kila kaunti maombi mangapi yalipokelewa, mangapi yalikataliwa, na mangapi kati ya hayo yalikosa hatimiliki.