Taa Kuwaka Si Ushahidi

Leo naweka programu na seva pembeni. Nataka kugombana na sentensi moja ninayoisikia kila mara hapa Amagoro, na pale Malaba, na hata nikishuka Busia mjini: "Si stima inawaka? Sasa shida iko wapi?" Fundi anaisema akikusanya vifaa vyake. Mwenye ploti anaisema mpangaji akiuliza. Na linaloniudhi zaidi, wanaisema hata wenzangu wa kompyuta, watu ambao wangemcheka mwanaprogramu anayedai kazi yake ni nzima kwa kuwa tu programu imefunguka.

Soketi ya kwetu ina matundu matatu. Waya wa moto na nyutro ndizo zinazowasha taa. Ya tatu ni athi, ule waya unaoshuka hadi ardhini, nao siku njema haufanyi kazi yoyote. Ndiyo maana unarukwa. Shaba ni pesa, kuchimba ni jasho, na ukikosekana hakuna anayegundua. Redio itaimba, simu itajaa chaji, fundi atalipwa.

Lakini dalili zipo, ila tumezizoea. Umewahi kugusa kasha la chuma la kompyuta, au laptopu ya bati ikiwa kwenye chaji, ukahisi inakutekenya? Ndani ya kile kisanduku cha kuingizia umeme kuna kapasita ndogo zinazochuja kelele za umeme, zikiunganisha waya wa moto na nyutro kwenye kasha lenyewe. Aliyeziweka alijua zitavujisha kidogo, akategemea athi iuchukue huo mvujo. Ondoa athi, na kasha linaelea karibu nusu ya volti 240. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo sababu tunaufanyia utani. Na ushauri unaotolewa? "Vaa patipati." Jamani! Huko ni kufuta ujumbe wa kosa kwenye skrini na kuliacha kosa lenyewe mahali pake.

Sasa tuseme si kapasita. Tuseme ni pasi kuukuu au jiko la koili, na waya wa moto umechubuka ukagusa chuma. Pasipo athi, chuma hicho kinakaa kimya na volti zote 240, kikimsubiri mtu. Watu wananiambia, "Kuna fyuzi." Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Moyo wa binadamu unaweza kusimamishwa na sehemu ndogo tu ya ampea moja, makumi kadhaa ya miliampea. Utakuwa umeanguka na fyuzi haijapata habari.

Hapa wengine hujibu kwamba basi tugongomelee chuma cha athi, yaishe. Hayaishi. Ardhi ya huku Teso Kaskazini si sawa kila mahali. Ukikaribia miamba kama ile ya Kakapel, au udongo ukikauka Januari, chuma chako kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 50 bila wewe kujua. Piga hesabu: 240 gawanya kwa 50 ni ampea 4.8. Fyuzi ya 13 bado imelala! Kwa hiyo panahitajika kifaa kingine kwenye boksi la bureka, kinachoitwa RCD. Hiki hulinganisha umeme unaoondoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hivi kinakata. Bila athi, mvujo wa kwanza kukishtua utapitia mwilini mwako. Kukiwa na athi, kinakata kabla hujafika. Vyote viwili vinahitajiana.

Na sasa nifike kwenye uhuni wenyewe. Kuna mafundi wanaojua fika kwamba athi haipo, hivyo ndani ya soketi wanaweka kipande kifupi cha waya kutoka nyutro hadi tundu la athi. Kile kipimo cha taa tatu ukikichomeka kinakuambia kila kitu sawa. Ni kama mwanaprogramu anayeandika mistari ya kuifurahisha testi peke yake. Siku nyutro ikikatika huko nyuma, kila kitu cha chuma kilichochomekwa na kuwashwa kinapata volti 240, na kinachozipeleka huko ni kile kile kipande cha "usalama". RCD ikiwepo inaweza kuugundua ujanja huo na kuanza kukata mara kwa mara. Unajua wanachofanya? Wanaitoa RCD, eti inasumbua.

Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ulipoanza, ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba nyingi za mabati zikapata mwanga, na mimi ni wa kwanza kushangilia. Ila mita ikishafungwa, mwenye boma huongeza chumba, kisha bafu, kisha vyumba vinne vya kupangisha madereva wa malori, na kila kimoja kinavutiwa waya kutoka cha jirani. Waya huo unapita juu ya ukingo wa bati. Upepo unausugua mwezi baada ya mwezi. Bati likishika umeme, na kamba ya kuanikia ikiwa ni ya chuma iliyofungwa kwenye msumari wa bati hilo, anayepigwa ni mama mwenye nguo mbichi mkononi na miguu mitupu kwenye matope. Ndani taa zote zinawaka vizuri kabisa.

Najua jibu la wastaarabu: usiguse, mwite fundi mwenye leseni. Sheria inasema hivyo, leseni hutolewa na EPRA, na kuvuta nyaya za nyumba nzima mimi pia sikushauri uanze nako. Lakini utamjuaje fundi aliyefanya kazi na aliyekudanganya kama hujui athi ni nini? "Usiguse" imegeuka kuwa "usijue", na kutojua kwetu ndiko kunakowalisha wahuni. Kufunga plagi ya pini tatu kunajifunzwa kwa dakika kumi. Kujua kwamba pini ndefu ndiyo ya athi, nayo ndiyo inayofungua milango ya yale matundu mengine mawili, kunakutosha kuacha kuchokonoa soketi kwa kalamu ili chaja ya pini mbili iingie. Nunua adapta.

Rangi nazo usiziamini kwa macho. Tulizirithi kwa Waingereza, nao mwaka 2004 walizigeuza: nyekundu ikawa kahawia, nyeusi ya nyutro ikawa samawati. Balaa ni kwamba katika umeme wa njia tatu samawati ya zamani ilikuwa waya wa moto, na nyeusi ya sasa ni waya wa moto. (Ningependa kumwona aliyepitisha toleo hilo.) Nyumba iliyoongezwa mara mbili inaweza kuwa na rangi za enzi zote mbili. Zima meni swichi, kisha pima.

Usiku wa leo nenda kwenye boksi lako la bureka ukatafute kitufe chenye herufi T. Kibonyeze stima ikiwepo; RCD nzima itakata papo hapo, nawe utairudisha. Isipokata, imekufa, ibadilishwe. Na kama kitufe hakipo kabisa na wewe ni mpangaji, muulize mwenye ploti kabla ya kumtumia kodi ya mwezi ujao, na akikuambia taa si zinawaka, muulize chuma cha athi kiko upande gani wa nyumba.